YAH: MALALAMIKO KUHUSU CHAKULA CHA JIONI MLICHOTUUZIA LYON, AGOSTI 2025

Meneja,
Kampuni ya Usafiri na Utalii,
Dar es Salaam.

2 Septemba 2025

Ndugu Meneja,

Salaam. Mimi na mama yangu mzazi tulisafiri na kampuni yenu kwenda Ufaransa tarehe 9 hadi 16 Agosti. Viza, ndege na hoteli vilikwenda vizuri, na kijana wenu aliyeshughulikia viza namshukuru. Ninacholalamikia ni usiku mmoja, Jumanne ya tarehe 12, na mlo wa usiku huo ndio uliotufanya tuje kwenu tukaacha kampuni nyingine.

Mama yangu amepika na kuuza chakula Tanga kwa miaka 31. Kila alfajiri alikuwa soko la samaki la Deep Sea kuangalia mashua zimeleta nini, ndipo ajue siku hiyo anabandika nini. Kusi ikivuma na samaki wakiadimika, wateja wake walikula maharage na mchicha, na hakuna aliyeambiwa kuna changu wakati hayupo. Alipopumzika kazi alisema anatamani kuona wapishi wadogo wa Ulaya nao wanaendaje. Nilimweleza hivyo ofisa wenu wa mauzo. Yeye mwenyewe ndiye aliyetaja mji wa Lyon, akatuonyesha picha za mgahawa mdogo wa mtaani, juu kwenye kilima cha Croix-Rousse walikokuwa wakiishi wafumaji wa hariri, mgahawa unaobadilisha chakula kila msimu. Tulilipa shilingi 780,000 kwa watu wawili, kwa mlo huo peke yake. Nilisema pia kwamba mama ni Mwislamu, na kwa kuwa mapishi ya Lyon yana nguruwe mwingi, wenye mgahawa waarifiwe mapema. Nikajibiwa, "Tumeshaandika dada, usiwe na wasiwasi."

Tulifika mlangoni saa moja na nusu jioni. Mama alikuwa amevaa kanga mpya, doti aliyoitunza kwa siku hiyo. Mlango umefungwa. Kwenye kioo, kwa ndani, kulikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa mkono: likizo ya mwaka, tarehe 2 hadi 25 Agosti. Viti vilikuwa vimepinduliwa juu ya meza, na ubao mweusi wanaoandikia vyakula ulikuwa umefutwa, umebaki ukungu wa chaki tu.

Ndugu Meneja, migahawa midogo ya Ufaransa kufunga Agosti si jambo la ghafla. Mara nyingi ni mtu na mwenzake: mmoja anapika, mwingine anahudumia, na wakienda likizo hakuna wa kushika jiko. Yeyote anayeuza safari za huko anatakiwa kulijua hilo. Na ratiba yenu ingetosha kuwashtua. Imeandikwa kwamba tutakula mboga ya asparagasi nyeupe na kombe waitwao coquilles Saint-Jacques. Asparagasi nyeupe huko ni ya Aprili hadi Juni. Kombe hao sheria ya Ufaransa inakataza kuwavua kuanzia katikati ya Mei hadi mwisho wa Septemba. Kwa hiyo hata kama mlango ungekuwa wazi, mlituuzia chakula ambacho mwezi ule mgahawa wa namna hiyo usingekipika. Niliporudi nilimwandikia mwenye mgahawa. Alinijibu kwamba hakuwahi kupokea oda yoyote kwa jina letu.

Nilipopiga simu yenu ya dharura usiku ule, aliyepokea alinielekeza mgahawa mwingine kule chini, mji wa kale wa Vieux Lyon, akasema ni wa aina ile ile. Haukuwa wa aina ile. Orodha yake ilikuwa ya plastiki, yenye picha, kwa lugha sita. Nilimwambia mhudumu habari ya nguruwe, akaitikia kwa kichwa akaondoka mbio. Ikaja saladi: majani, yai juu yake, na vipande vidogo vyekundu vilivyokaangwa. Mama alikuwa ameshainua uma, umekaribia mdomo, ndipo harufu ikamsimamisha. Akaushusha taratibu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hii ni nyama gani?" Ilikuwa ni nguruwe. Hakula tena. Alikunywa maji, akanisubiri nilipe euro 54 kwa kadi yangu, tukarudi hotelini bila neno. Sikulala.

Siku mbili baadaye, mtu wa mapokezi wa hoteli alituelekeza mahali pa meza nane palipokuwa bado wazi mchana. Nalieleza hili ili mjue mlichotunyima. Ubaoni palikuwa na vyakula viwili tu kwa kila hatua ya mlo. Kwa Kifaransa changu cha sekondari nilieleza kwamba hatuli nguruwe wala mvinyo, na mpishi akatoka jikoni mwenyewe, akatutajia kimoja kimoja kilichomo: samaki brochet, mayai, siagi, unga, na mchuzi atakaotutengenezea pembeni bila mvinyo. Chakula hicho, donge laini la samaki liitwalo quenelle, kililetwa kimeumuka kwenye bakuli la udongo, bado kinachemka pembeni. Tulipokuwa tunakula, mkewe alichukua kitambaa akafuta neno moja ubaoni, pichi zimekwisha. Mama aliangalia mkono ule, akasema, "Hawa wanapika kilichokuja." Alikula akamaliza. Tulilipa euro 46 kwa wawili, mkate na jagi la maji bila malipo.

Nadai mambo matatu. Kwanza, mnirudishie fedha. Hata nikihesabu euro moja kwa shilingi 3,000, zile euro 54 nilizotoa mwenyewe ni shilingi 162,000. Nanyi mlichukua 780,000 na hamkulipa popote, kwa hiyo nataka hizo 780,000 zote. Ndani yake mna 60,000 mlizoandika "huduma ya mezani", ilhali Ufaransa bei iliyo kwenye orodha ya chakula kisheria huwa imeshajumlisha huduma. Pili, mumwombe mama yangu radhi kwa barua, yeye na si mimi. Tatu, mwondoe mlo huo kwenye ratiba za Agosti, na kwa miezi mingine mpige simu kwa mwenye mgahawa kabla ya kupokea fedha ya mtu.

Nimeambatisha stakabadhi yenu, ratiba, risiti ya tarehe 12, picha ya karatasi ya mlangoni na jibu la mwenye mgahawa. Nisipopata majibu ya maandishi ndani ya siku 14, nitapeleka malalamiko haya Tume ya Ushindani, inayolinda pia haki za walaji.

Wenu mteja,
Tanga