Wasiishie kwenye buti za Rhodes

Mwalimu Zuhura,

Salamu nyingi, na Kheri mpe pole. Majibu ya wanafunzi wako kuhusu katuni ya Cecil Rhodes aliyesimama juu ya bara la Afrika nimeyasoma, nakuandikia upesi kabla hujafunga mada. Wengi wameandika "mzungu mkubwa amekanyaga Afrika" wakaweka nukta. Hayo ni maelezo ya picha tu, uchambuzi bado.

Waanze na tarehe. Linley Sambourne aliichora katuni hiyo katika Punch, jarida la kejeli la Uingereza, 10 Desemba 1892. Rhodes alikuwa Waziri Mkuu wa Koloni la Cape, koloni la Waingereza kusini mwa Afrika, na alikuwa ndiyo kwanza ametangaza mpango wa kuvuta waya wa telegrafu kutoka Cape Town hadi Cairo. Asiyejua hilo atauona waya mikononi mwake adhani ni kamba ya kufungia watumwa, na jibu zima litapotea hapo.

Sasa miguu, maana hapo ndipo penye utamu. Mmoja Cairo: majeshi ya Uingereza yalikuwa Misri tangu 1882. Mwingine Cape, koloni lao. Katikati je? Mkataba wa 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani uliwaachia Wajerumani nchi kuanzia pwani hadi Ziwa Tanganyika, ikapakana na Kongo ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji. Njia ya Waingereza ilikatika! Kwa mkao ule Rhodes anairuka nchi asiyokuwa nayo, na mtazamaji haoni pengo. Waulize pia nani hayumo. Bara zima halina mtu hata mmoja, ila yeye na bunduki begani. Mwanafunzi akiliona hilo, mpe alama hata kama Kiswahili chake kimeyumba.

Watabishana kama mchoraji anasifu au anakejeli. Waache wabishane, mradi kila mmoja aonyeshe ushahidi pichani. Mkao umeigwa kutoka michoro ya sanamu kubwa ya kale ya kisiwa cha Rhodes, iliyoangushwa na tetemeko la ardhi, kwa hiyo pande zote mbili zina pa kushika.

Halafu narudi kwenye swali la nani hayumo: mwaka 1906 Sambourne huyohuyo, Punch hiyohiyo, alimchora Leopold kama nyoka wa mpira akimviringisha Mkongo. Safari hii Mwafrika yumo, anateseka, maana mkosaji ni Mbelgiji. Ziweke picha hizo mbili sambamba, tafadhali.

Je, nakala zako zinaonyesha waya vizuri, au umefutika kwenye fotokopi? Ramani ya mipaka ya 1890 unayo? Na vipindi vimebaki vingapi?

Wako,
Salim