Baba Mdogo, usianike tena ngozi chini

Santa Croce sull'Arno, Italia

Mbukwenyi wote hapo Kongwa. Baba Mdogo, shikamoo, na Mama Mdogo pia. Mimi mzima, kazi inaendelea.

Nakuandikia wewe kwa sababu ya bucha yako. Mji huu unakula kwa ngozi. Viwandani kuna mapipa makubwa ya mbao yanayozunguka, na ngozi ikishatolewa manyoya kwa chokaa hukaa humo katika maji yenye dawa ya miti inayoizuia isioze: chestinati ya hapahapa, kebracho ya Amerika Kusini, na miwati. Ndiyo, miwati kama ile ya Njombe! Kwetu ng'ombe wapo na mti upo, halafu ngozi inatupwa nyuma ya bucha, mbwa wanaigombania. Inaniuma sana.

Kinachoiharibu ni vitu vya siku ile ile ya kuchinja. Ngozi ikiachwa saa chache kwenye joto la Dodoma inaanza kuoza, na baadaye manyoya yanang'oka yenyewe. Ukiiwamba chini kwa vigingi, jua linaipika juu huku ndani bado mbichi. Kwa macho utasema imekauka vizuri. Ikilowekwa kiwandani, palipopikwa panayeyuka kama gundi na kubaki matundu.

Kwa hiyo iwambe kwenye fremu ya miti, isimame kivulini, upepo upite pande zote mbili. Wala usiikaze mno. Au tumia chumvi: ioshe damu, ikung'ute maji, umwage chumvi ya punje nene upande wa nyama. Kwa ngozi ya kilo 15, chumvi kilo 5 au zaidi. Najua chumvi ni pesa, ndiyo maana mimi ningeanza na fremu.

Na vijana wanaochuna, tafadhali. Wakishapasua, kisu kiwekwe pembeni, ngozi itenganishwe kwa ngumi. Mama Mdogo atakuunga mkono, maana anapiga muheme, ngoma yetu Wagogo, na anajua ngozi yenye jeraha la kisu haifai kuwambwa ngoma. Chapa ya moto nayo isipigwe pajani wala mgongoni, sehemu yenye thamani kuliko zote, shavuni panatosha.

Ukichinja tena, nipigie picha upande wa nyama, si wa manyoya, umpe Sechelela anitumie. Nitakuonyesha kila palipokatwa.

Mwanao,
Mazengo