Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Jiji la Arusha: tunaomba sakafu

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Yah: Ombi la sakafu moja ya zege, mita 40 kwa 20

Salaam kutoka Mbauda. Kwanza uniwie radhi kwa hilo neno "Mheshimiwa". Rafiki yangu anayejua mambo ya ofisi ameniambia Mkurugenzi huandikiwa "Ndugu", na kwamba Waheshimiwa ni Meya na madiwani wake. Nimeliacha hivyohivyo. Anayeomba akizidisha heshima hapotezi kitu.

Barua ya kawaida ningeileta mapokezi, igongwe muhuri, nirudi zangu kazini. Hii naiandika wazi kwa sababu ninachokiomba kinahusu watoto wa watu wengi, na wazazi wao wanastahili kusoma nimesema nini kwa niaba yao.

Mimi ni fundi wa kuchomelea: mageti, grili za madirisha, matoroli. Jumapili alfajiri, kabla mji haujachangamka, ninakuwa na vijana kumi na watano hivi wa Mbauda, Ngarenaro na Unga Limited. Wanacheza mpira wa magongo wakiwa wamevaa viatu vya matairi. Mwanzoni mama mmoja alinijia juu bandani, kanga kiunoni, baada ya mwanawe kumuaga kwamba anakwenda kwa fundi kwenye gongo. Ilibidi nimtolee gongo lenyewe, la mbao, alishike mkononi na kulinusa, ndipo akapoa. Siku hizi ndiye anayetuletea chai.

Viatu tunavipata mitumbani Kilombero, robota likifunguliwa, na mara nyingi kimoja kinatangulia mwenzake kwa miezi. Beringi zikifa nazibadilisha mwenyewe. Ni namba 608, saizi inayokaa kwenye grenda nyingi ndogo, na banda langu halijawahi kukosa grenda marehemu. Kwa hiyo viatu si shida yetu. Magongo tunachonga. Shida yetu iko chini ya viatu.

Kwa asiyeujua mchezo, uko hivi. Kila timu inaingiza watu watano, mlinda mlango akiwa mmojawapo. Viatu vina matairi manne, mawili mbele na mawili nyuma kama gari, na kwenye ncha ya kidole kuna breki ya mpira. Mpira wenyewe ni mgumu, gramu 155, mkubwa kidogo kuliko wa tenisi. Ukikupata kwenye kifundo cha mguu hutausahau. Gongo lina ubapa pande zote mbili, mchezaji anapiga kulia na kushoto bila kuligeuza, tofauti na mpira wa magongo wa kwenye majani ambako upande mmoja tu ndio halali. Uwanja unazungushiwa ukuta mfupi wa mita 1, kona zake zimepindwa, mpira ukigonga ukuta unarudi mchezoni. Nyuma ya goli kuna nafasi, kwa hiyo mtu anaweza kupita nyuma ya mlinda mlango akachomoza upande wa pili, naye mlinda mlango anabaki kuzungusha shingo kama bundi. Hapo ndipo vijana wangu wanapopapenda kuliko mahali pengine popote.

Makosa yanahesabiwa kwa timu nzima. Yakifika 10, wapinzani wanapewa pigo la moja kwa moja, mtu mmoja anamkabili mlinda mlango peke yake. Ukimfanyia mwenzio ubaya unaonyeshwa kadi ya bluu na unakaa nje dakika 2. Huwa nawaambia vijana kwamba kadi hiyo ingefaa itumike na kwenye vituo vya daladala.

Mashindano ya dunia ya wanaume yalianza mwaka 1936 mjini Stuttgart, Ujerumani, na bingwa wa kwanza akawa Uingereza. Tutulie hapo kidogo, Mheshimiwa. Mwenyeji Mjerumani, bingwa Mwingereza. Watawala wetu wote wawili, mmoja aliyejenga Boma la hapa Arusha na mwingine aliyelirithi, waliujua mchezo huu, na mwaka huo Mwingereza alikuwa bado amekaa hapahapa. Wametuachia Boma, wametuachia chai ya saa nne. Sakafu hawakutuachia.

Mreno aliiacha. Alimwaga zege kwenye klabu zake za Lourenço Marques, Maputo ya leo. Tusidanganyane, zilikuwa klabu za wakoloni, na mwenye nchi aliingia kwa mlango wa nyuma kama aliingia kabisa. Wachezaji waliokulia pale walifika hadi kuichezea timu ya taifa ya Ureno, ambayo pamoja na Hispania ndizo zilizobeba kombe la dunia mara nyingi kuliko nchi nyingine zote. Lakini Mreno alipofungasha mwaka 1975, zege halikuingia melini. Lilibaki, na watoto waliobaki wakapanda juu yake.

Hayo sikuyasoma mahali, niliyakuta. Mwaka 2011 nilikuwa Maputo nikichomelea mapaa ya maghala. Mwezi Septemba ukielekea ukingoni, usiku mmoja nilikuta wenzangu wa kiwandani wamezunguka redio ndogo kama watu wanaosubiri matokeo ya uchaguzi. Nikauliza kuna nini, nikaambiwa timu yao iko San Juan, Argentina, kwenye mashindano ya dunia. Kireno changu kilikuwa cha kuombea maji na mshahara, lakini sauti ya mtangazaji goli linapoingia haihitaji mkalimani. Mlinzi wa zamu aliacha lango akaja kusikiliza. Mashindano yalipokwisha Hispania ilikuwa bingwa, Argentina ya pili, Ureno ya tatu, na Msumbiji ya nne. Ya nne duniani! Majirani zetu wa ng'ambo ya Ruvuma, watu tunaovuka mto kwenda kuwauzia bidhaa, walizitangulia Italia na Ujerumani.

Jumamosi iliyofuata nilimwomba mmoja wao anipeleke nikaone wanapochezea. Nilitegemea kukuta jengo la maajabu. Nikakuta sakafu iliyochakaa, ukuta wa mbao uliopakwa rangi mara nyingi mpaka ukawa na maganda, na watoto wa miaka saba au minane wanaanguka, wanainuka, wanacheka. Nilipiga magoti nikaipapasa ile zege kwa kiganja. Mwenyeji wangu alidhani nimedondosha kitu.

Miaka miwili baadaye, Septemba 2013, mashindano hayo yakaja Afrika kwa mara ya kwanza. Angola iliyapokea katika miji miwili, Luanda na Namibe, timu 16, na Hispania ikaifunga Argentina 4-3 kwenye fainali. Angola haikuamka asubuhi moja ikaomba uenyeji. Mwaka 1992, mchezo huu ulipoingizwa kwenye Olimpiki ya Barcelona kama mchezo wa maonyesho, Angola ilikuwa mojawapo ya timu 12. (Aliyekuwa rais wa Kamati ya Olimpiki wakati huo, Juan Antonio Samaranch, alikuwa mtu wa mchezo huu tangu ujanani na michezo ile ilikuwa mjini kwao, kwa hiyo sishangai uliingiaje. Hata huko ukubwani watu wanakumbukana.) Kwa ajili ya mwaka 2013 Waangola walijenga kumbi mpya kubwa. Mimi siombi ukumbi wa Luanda. Wala siombi Arusha iandae mashindano ya dunia, ingawa kijana wangu mmoja ameshayapangia tarehe.

Ninachoomba kinatokana na neno la bibi mmoja. Kwa muda tulikuwa tukichezea maegesho ya magari ya jengo moja kubwa hapa mjini, ambalo sitalitaja. Asubuhi moja mlinzi akaniita pembeni, kwa adabu kabisa: "Mzee, mtoto akivunjika hapa, kesi ni yangu." Alikuwa na haki, tukaondoka. Tukahamia kwenye barabara ya mtaani yenye lami, mtu mmoja akisimama kila mwisho kuwazuia bodaboda. Wiki ya tatu tairi la kijana wa miaka kumi na miwili likagonga kokoto isiyozidi punje ya hindi. Viatu vya matairi havijui kuruka kokoto. Alitua kwa mkono, nao ukavunjika juu ya kiwiko.

Nilikaa na bibi yake kwenye benchi la hospitali mpaka saa nane mchana. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na ningeyapokea. Bibi alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza, "Fundi, wewe unayejenga mageti ya watu, umeshindwa kuwatafutia hawa wajukuu mahali pasafi?" Sikuwa na jibu siku ile. Barua hii ndiyo jibu langu, Mheshimiwa, na kama unavyoona nimelielekeza kwako.

Sasa nizungumze kama fundi. Uwanja kamili ni mita 40 kwa 20, yaani mita za mraba 800. Zege la unene wa inchi 4 juu ya moramu iliyoshindiliwa vizuri linatoa kama mita za ujazo 80. Ukipiga mifuko 7 ya saruji kwa kila mita ya ujazo, unapata mifuko 560. Ongeza wavu wa nondo, ongeza niru ya juu isuguliwe mpaka ing'ae, na likatwe viungo lisije likapasuka likianza kula jua letu la Januari. Liinamishwe kidogo tu upande mmoja, maji ya masika yapate njia. Paa linaweza kusubiri miaka. Mvua ikinyesha hatutacheza, na watoto wa Arusha wanajua kusubiri mvua ipite.

Kazi yote ya chuma juu ya sakafu hiyo, nguzo za kushikilia mbao za ukuta pamoja na nyavu za nyuma ya magoli, nitaifanya mimi na vijana wangu wa bandani bila malipo ya ufundi. Wazazi wamesema watasomba kokoto. Niliwauliza mara mbili kama wanamaanisha.

Najua kuna watakaokuambia kwamba ni fedha nyingi kwa ajili ya watoto kumi na watano na mchezo ambao hata jina lake linachanganya watu. Nimeshausikia ubishi huo, tena kutoka kwa shemeji yangu. Ila kipimo hicho cha mita 40 kwa 20 ndicho kipimo cha uwanja wa mpira wa mikono, ambao shule zetu zinashindania UMITASHUMTA na UMISSETA kila mwaka. Netiboli inaenea humo, kikapu pia kinaenea. Tairi za viatu vyetu haziumizi zege. Sisi tutachukua alfajiri na jioni mbili za wiki, wengine wachukue zilizobaki, na ratiba ikae kwako ili tusije tukagombana kama wapangaji wa nyumba moja.

Wengine watasema Mtanzania na mpira wa magongo wapi na wapi. Wazee wanakumbuka. Mwaka 1980 nchi nyingi ziliposusia Olimpiki ya Moscow, nafasi zikabaki wazi na timu yetu ya taifa ya mpira wa magongo wa kwenye majani ikaenda. India ilitufunga 18-0. Tukamaliza wa 6 kati ya timu 6, na kwa kuwa Filbert Bayi na Suleiman Nyambui walirudi na medali za fedha za riadha, hakuna aliyekuwa na muda wa kutucheka sana. Vijana nimewasimulia matokeo hayo. Badala ya kusikitika waliniuliza kama lile la 18 lilifungwa kwa mkwaju wa mbali.

Sina ugomvi na uwanja wa Olmoti. Ni wa watu 30,000, ni wa AFCON ya 2027 tutakayoiandaa na Kenya na Uganda, nami nitatafuta tiketi kama kila mtu. Ninachosema ni kwamba zege litakalomwagwa kwenye maegesho yake peke yake litatuzidi sisi mara nyingi mno, na endapo pembeni kutabaki kipande ambacho hakijapangiwa kazi, tusisahaulike. Kama si Olmoti, iwe Kaloleni, iwe Ngarenaro, iwe hata eneo la shule ya msingi yenye kiwanja kipana, mradi iwe mahali ambapo mtoto anafika kwa miguu bila nauli. Kuchagua mahali ni kazi yako na wataalamu wako wa ardhi, mimi siwezi kukufundisha.

Nikiitwa kuja kupima, nitakuja na futi kamba yangu na kamba ya kunyooshea, siku yoyote, hata Jumatatu ambayo kwangu ndiyo siku ya wateja. Magoli mawili nimeshayachomelea kwa kipimo chenyewe, upana mita 1.70, kimo sentimita 105. Yako nyuma ya banda, yamepigwa rangi. Kwa sasa mke wangu anaanikia nguo, na ameniomba nikuulize utayachukua lini.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi wa kuchomelea, Mbauda, Arusha