Mheshimiwa Waziri wa TAMISEMI, njoo gengeni na elfu mbili

Shikamoo Mheshimiwa. Naandika toka Mbagala, niwie radhi kama barua haijakaa vizuri maana naiandikia kwenye simu ndani ya daladala na foleni ya huku nadhani unaisikia hata huko Dodoma.

Sitaki kulalamika kwamba mboga hakuna. Zipo. Nyanya zinashuka toka Iringa, kabichi na karoti toka Lushoto, ukienda soko la Stereo Temeke alfajiri unakanyaga hoho. Ninachokuambia ni kwamba masikini ananunua mboga kwa bei kubwa kuliko mwenye nazo. Mwezi uliopita nilipata vihela nikachukua sado (kile kindoo cha kupimia) ya nyanya hapo Stereo, kufika nyumbani nikazihesabu nikapiga hesabu, nyanya moja imenitoka kama nusu ya bei ya gengeni kwetu. Sasa jirani yangu anayefua nguo za watu hiyo hela ya sado ataitoa wapi kwa mkupuo? Ye ananunua fungu, leo nyanya tatu, kesho tatu, na fungu lenyewe kila likiitwa mia tano linazidi kupungua.

Siku akipata elfu tano watu ni sita ndani, anatoa sembe, mkaa, mafuta ya kupima, inabaki buku na kidogo ndo anaanza kuwaza mboga. Siku akipata elfu tatu mboga ndo ya kwanza kukatwa, watoto wanakunywa chai ya rangi na maandazi wanalala, na kweli wanashiba, hapo ndo penye mtego. Tunda linaingia mle ndani mtoto akiumwa tu.

Na usije ukasema mama wa genge ndo mwizi, maana hiyo huwa ndo rahisi kusema. Yule mama anatoka saa kumi usiku, konda anamlipisha tenga kama abiria (na bado analikalia), bodaboda toka stendi mpaka mtaani, nyanya za chini zimepondeka, jioni zinazobaki anaziuza masalo kwa bei ya kutupa. Hiyo hasara yote anaiweka wapi kama sio kwenye fungu la kesho. Halafu siku moja hapa mjini, jina la halmashauri nalihifadhi, nimeshuhudia mgambo wamebeba meza ya mama mmoja pamoja na matembele yake, matembele Mheshimiwa! Yamekaa kwenye gari juani mpaka yakanyauka, faini akailipa na hasara akaibeba.

Tangu 2017 Bunge lilishasamehe ushuru kwa mzigo wa mazao usiozidi tani moja ukitoka halmashauri moja kwenda nyingine, jambo zuri sana, ila mzigo wa nyanya za huku unakuja na Fuso, lori linalobeba zaidi ya hapo, sasa huo msamaha wa tani moja ni wa nani?

Ombi langu kubwa ni moja. Kila kata ya huku pembeni itengewe sehemu, hata uwanja wa shule Jumamosi asubuhi, gari la mboga lishushe hapohapo, mama wa genge wachukue bila kupanda daladala na sisi wengine tuchangishane watu wanne tununue tenga tugawane. Hela ya kuanzia ipo, ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, 4 ya wanawake 4 ya vijana 2 ya wenye ulemavu, ilisimama 2023 ikarudi. Wakopesheni hawa wamama kwa pamoja wanunue mzigo wa jumla, sio kila kikundi kinaambiwa kikatengeneze sabuni za maji, jamani sabuni zimejaa.

La pili ni wazo tu. Marekani kuna mpango ulianzia Detroit 2009, familia inayopata msaada wa chakula ikinunua mboga na matunda ya dola moja inaongezewa dola nyingine ya kununulia hivyohivyo. Sisi kaya za TASAF, zile masikini zinazopewa ruzuku na serikali, tunazijua kwa majina na mama wa genge siku hizi wana lipa namba, kwa nini tusijaribu kwenye kata mbili tatu? Najua wapo wasio na simu, hao watumie hata kuponi ya karatasi.

Mana chakula kuwepo peke yake hakutoshi. Huo huo mkoa wa Iringa unaotulisha nyanya, utafiti wa afya wa 2022 ulikuta watoto chini ya miaka mitano waliodumaa ni 56.9 kwa mia, wakati nchi nzima ni 30.

Genge letu linafungwa saa tatu usiku. Njoo bila msafara, uje na elfu mbili tu mfukoni, utununulie mboga ya watu sita tuone unaanzia wapi.

Mpangaji, Mbagala