Mgeni wa siku moja Mwanza asiishie kuonyeshwa mawe

Ndugu Mhariri,

Mvua zikishakata, kuanzia Juni, boti za wageni huondoka Capri Point kila asubuhi na kurudi kabla jua halijawa kali. Waliomo ni watalii walio njiani kwenda Serengeti, watumishi waliokuja kwenye semina, wanafunzi na familia zilizokuja harusini. Ni ziara nzuri. Miji michache nchini inaweza kumpa mtu ziwa, wanyama na historia kwa siku moja bila kumchosha barabarani. Kinachoniuma ni jinsi inavyoongozwa: mgeni anaondoka amejaza simu yake picha za majabali, wala hajui jina la mtu hata mmoja wa huku.

Chukua Kisiwa cha Saanane. Mwongozaji atasema, na ni kweli, kwamba ndiyo hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote nchini, kilomita za mraba 2.18 pamoja na maji yake, tena imo ndani ya jiji. Ataonyesha swala pala, tumbili, pimbi waliojianika juu ya mawe, kenge, na yule mjusi wa majabalini mwenye kichwa chekundu na mwili wa buluu, ambaye wanasayansi wanamwita Agama mwanzae kwa heshima ya mji huu. Furukombe akipita, watu wote wanatazama juu. Baada ya hapo ni picha, soda, na kurudi botini. Saanane mwenyewe ni nani? Mara nyingi hatajwi. Alikuwa Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyeishi pale kabla serikali haijakichukua kisiwa na kukifanya bustani ya wanyama mwaka 1964, miaka mingi kabla hakijatangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013. Jina lake liko kwenye kila tiketi. Kumsimulia hakuhitaji bajeti, kunahitaji dakika tano na mwongozaji aliyefundishwa.

Ukirudi nchi kavu, upande wa Kamanga, unaonyeshwa Jiwe la Bismarck na kuambiwa kuwa limepewa jina la kansela wa Wajerumani, mtu ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika. Kisha inafuata habari ya Speke, mpelelezi Mwingereza: tarehe 3 Agosti 1858 alifika hapa, akaliona ziwa, akalipa jina la malkia wake. Sina ugomvi na tarehe hiyo. Ugomvi wangu ni kwamba anasimuliwa kana kwamba alitembea peke yake kutoka Tabora. Katika msafara ule alikuwamo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa utumwani, akapelekwa India, akarudi Zanzibar akiwa mtu huru. Ndiye aliyekuwa mdomo na sikio la Speke, maana Speke hakuweza kuzungumza na wenyeji bila yeye. Baadaye alitembea na Stanley kumtafuta Livingstone, na akavuka bara hili na Cameron kutoka bahari hadi bahari. Mtu huyu alifika kwenye ziwa hili siku ileile na Speke. Nimewasikiliza waongozaji wengi wa mjini, vijana hodari wenye Kiingereza kizuri, na Bombay hawamtaji. Wala siwalaumu, kwa sababu hakuna aliyewapa habari zake.

Na waliokuwa wakiishi hapa je? Wavuvi na wakulima wa ufukwe huu walikuwa wakilivuka ziwa kwa mitumbwi vizazi na vizazi kabla ya 1858. Hadithi inayoanza siku mgeni alipofika inawaacha nje wenye nyumba.

Kutoka hapo, gari likielekea Kisesa kwa barabara ya Musoma, linapita Igoma. Hapo wamezikwa wengi wa waliofariki katika ajali ya meli ya MV Bukoba, Mei 21, 1996. Magari ya ziara hupita bila kupunguza mwendo. Naelewa sababu yake: mtu yuko likizoni, hutaki kumharibia siku. Lakini mgeni huyohuyo asubuhi amelisifu ziwa, ameambiwa kuwa ndilo kubwa kuliko yote Afrika, ameliona limetulia kama maji kwenye sinia. Anastahili kujua pia kwamba familia nyingi za Mwanza, Kagera na Ukerewe zina mtu ambaye ziwa hili halikumrudisha. Mwaka 2018 ikaongezeka MV Nyerere, iliyopinduka karibu na Ukara ikiwa imebeba watu kupita uwezo wake, wakafa zaidi ya 220. Kusimama Igoma kwa robo saa, kwa utulivu, bila kupanga watu kwa ajili ya picha, ni heshima tunayodaiwa. Ndugu za marehemu waulizwe kwanza wangependa iweje. Na mgeni aliyesimama pale hatamuuliza tena nahodha kwa nini anamlazimisha kuvaa jaketi la kuokolea maisha kwa safari ya dakika chache. Hapo niseme wazi: boti isiyo na jaketi kwa kila abiria, mtoto kwa saizi yake, isiondoke gatini hata kama mteja ana haraka kiasi gani. Tena safari ya majini iwe asubuhi. Kila mvuvi anajua upepo wa mchana unavyolichafua ziwa.

Sasa Bujora, ambako ndiko ningependa siku iishie, na ndiko inakofupishwa kuliko kote. Makumbusho ya Wasukuma yako Kisesa, chini ya kilomita 20 kutoka katikati ya jiji. Yalianzishwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, pamoja na wazee wa Kisukuma waliokubali kuweka hapo vitu vyao. Wazee hao nao watajwe, maana padri peke yake asingepata hata ngoma moja. Kuna nyumba iliyojengwa kwa umbo la kiti cha mtemi, ndani yake zimo ngoma na vitu vya enzi vya batemi wa Usukuma. Kuna mji wa Kisukuma, nyumba ya mfua chuma, nyumba ya mganga. Zaidi ya yote kuna simulizi la Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma yaliyotokana na watani wawili wa kale, Ngika na Gumha. Mpaka leo Juni ikifika, katika sherehe za Bulabo, makundi hayo yanashindana mbele ya umati: kila upande unatafuta mbinu ya kuwavuta watu, na upande uliobaki na watazamaji wengi ndio umeshinda. Wapo wanaocheza na chatu, wapo wa bugobogobo wanaorusha majembe juu na kuyadaka kwa mdundo.

Haya yote yanapewa nusu saa, mchana wa jua la utosi, na mgeni keshachoka. Anaonyeshwa nyoka, anapiga picha, anapanda gari. Hajaambiwa kuwa majembe yale yanachezwa kwa sababu ngoma ile ilizaliwa shambani, watu wakilima kwa zamu shamba la kila mmoja. Ukimwambia hilo, ngoma anayoitazama inabadilika machoni pake.

Baadhi ya wenye ziara wanajibu kwamba mteja anataka wanyama zaidi, hivyo wanamkimbiza hadi lango la Ndabaka la Serengeti na kumrudisha usiku. Na tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 wapo wanaofikiria kumpeleka hifadhi ya kisiwa cha Rubondo na kurudi naye siku hiyohiyo. Rubondo ni ya kulala. Ina msitu, nzohe, na sokwe walioletwa kuanzia mwaka 1966. Kuiendea kwa siku moja ni kulipa gharama ya barabara na kuambulia ufukwe tu.

Ninachoomba kinawezekana. Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA), halmashauri ya jiji na wanaoitunza Bujora waketi, wawe na tiketi moja ya siku kwa Saanane na Bujora, yenye bei ambayo shule ya kata inaweza kuimudu. Waongozaji wapewe mafunzo ya pamoja, na walimu wao wawemo wazee wa Kisesa na wavuvi wa Kirumba. Chakula cha mchana kiwe sato wa mwaloni na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, kipikwe na akina mama wa hukuhuku, fedha ibaki mtaani. Saa za baada ya jua kupoa ziachiwe Bujora, saa mbili nzima kwa uchache. Na pale mjini, kwenye mnara wa saa wenye bamba linalomtaja Speke, liwekwe la pili lenye jina la Sidi Mubarak Bombay, kwa Kiswahili.

Bulabo ijayo ni Juni. Muda wa kuyaanza haya upo.

Msomaji wako,
Nyakato, Mwanza