Barua ya wazi kwa Waziri wa Ujenzi na Uchukuzi: Makutano ya Namungoona yaitwe Rhoda Kalema

Mheshimiwa Waziri,

Baada ya salamu na heshima zote, naja kwako na ombi. Makutano ya Barabara ya Hoima na Northern Bypass, barabara ya kuzunguka Kampala, pale Namungoona, yapewe jina la marehemu Mama Rhoda Kalema, mwanasiasa wetu wa Uganda. Nakuandikia wewe kwa sababu UNRA, mamlaka ya barabara za kitaifa, ilipovunjwa mwishoni mwa 2024, kazi ya barabara za kitaifa ilirudi wizarani kwako. Wenzetu wa KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, na wa Manispaa ya Nansana nao wanahusika, maana eneo hilo liko karibu na mpaka wao, nami naomba wasiachwe nyuma.

Makutano yale leo hayana jina la kueleweka. Kondakta wa teksi anasema Namungoona, mwenye boda anasema Bypass, na dereva wa lori anayetafuta njia ya Hoima kwa Kiswahili chake anaelekezwa kwa kituo cha mafuta. Siku za kawaida tunaelewana. Shida huja pakitokea ajali, mtu akapiga simu kuita ambulensi na hawezi kusema yuko juu ya daraja, chini yake, au kwenye barabara ya kupandia. Northern Bypass ilipofunguliwa mwaka 2009 pale palikuwa na raundabauti tu. Sasa imepanuliwa, kuna ngazi mbili na njia za kuingia na kutoka, na kila sehemu inastahili kibao.

Lakini jina si kwa ajili ya kuelekezana njia peke yake, ndiyo maana namleta Mama Kalema.

Alizaliwa Mei 1929 huko Mengo, binti wa Martin Luther Nsibirwa, Katikkiro, yaani waziri mkuu, wa ufalme wa Buganda. Baba huyo aliuawa kwa risasi mbele ya kanisa kuu la Namirembe, Septemba 1945, baada ya kusimamia sheria iliyowezesha chuo cha Makerere kupata ardhi ya kujipanua. Binti alisoma katika shule za Gayaza na Budo, akaenda Uskoti kusomea kazi za jamii, akarudi kufanya kazi katika idara ya maendeleo ya jamii. Mumewe, William Kalema, aliyekuwa waziri katika serikali ya Obote, alitekwa Januari 1972 wakati wa Amin na hakurudi tena. Mama alibaki mjane na watoto wa kulea, katika nchi ambayo kutaja jina la aliyepotea kulitosha kumfanya mtu naye apotee.

Mtu mwingine angejifungia nyumbani, na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye mwaka 1979 aliingia katika Baraza la Ushauri la Taifa, bunge la muda baada ya Amin kuondolewa, wanawake wakiwa wawili tu humo ndani. Miaka ya mwanzo ya 1980 alikamatwa na kufungwa zaidi ya mara moja kwa ajili ya siasa. Akatoka, akaendelea. Mwaka 1989 watu wa wilaya ya Kiboga walimpeleka katika bunge la wakati ule, akawa naibu waziri wa utumishi wa umma, kisha wakamtuma tena katika Bunge la Katiba lililotuandikia Katiba ya 1995.

Hapo kwenye Katiba naomba nikae kidogo, Mheshimiwa. Ibara ya 31 inaweka umri wa kuoa na kuolewa kuwa miaka 18, inampa mume na mke haki sawa, na inalitaka Bunge litunge sheria za kulinda haki ya wajane kurithi. Ibara ya 33 inakataza mila zinazomdhalilisha mwanamke. Ibara ya 78 inaipa kila wilaya kiti cha mbunge mwanamke. Sisemi aliandika ibara hizi peke yake, walikuwa wajumbe wengi na mabishano yalikuwa marefu. Nasema kwamba ukumbini alikuwamo mjane ambaye hakuhitaji kusimuliwa ujane ni nini. Mama muuza ndizi pale Nansana ambaye shemeji zake wanataka kumtoa kwenye kiwanja cha marehemu ana pa kushika, na waliompa pa kushika wana majina.

Najua nitaulizwa: kwa nini Namungoona, na si Kiboga? Kwa sababu Barabara ya Hoima ndiyo njia ya Kiboga. Anayetoka Bukomero na mahindi, anayeleta mgonjwa hospitali ya Mulago, mwanafunzi anayekuja Makerere na sanduku lake, wote hupita Busunju, Kakiri, Wakiso na Nansana, kisha wanafika pale. Huo ndio mlango wa mjini kwa watu waliomtuma. Wakifika mlangoni wakute jina wanalolijua.

Wapo pia watakaosema kwamba kama ni kumbukumbu, basi wa kwanza ni wale wa Juni 2013. Hoja hiyo naiheshimu kuliko nyingine zote. Lori la mafuta liligongwa Namungoona usiku, mafuta yakamwagika, moto ukalipuka na kuua watu zaidi ya 30, wengi wao vijana wa boda waliokuwa wakichota. Familia zao bado ziko mitaani kwetu. Naomba, kwa uzito uleule, lijengwe jiwe lenye majina yao mahali ambapo mtu anaweza kusimama bila kugongwa, familia zikikubali. Mama aliyefanya kazi ya jamii maisha yake yote hawezi kuwaonea wivu.

Februari 2025 Mahakama Kuu iliiagiza KCCA iondoe majina ya wakoloni katika mitaa na bustani za Kampala. Kwa miaka mingi tulikuwa na mtaa wa Colville katikati ya mji, jina la kamanda aliyeongoza vita dhidi ya mfalme Kabalega wa Bunyoro, nchi ileile ambako barabara hii inaelekea. Kuondoa ni nusu ya kazi. Watanzania walipojenga barabara ya juu pale Tazara waliipa jina la mhandisi Mfugale, akiwa hai bado. Ile ya Ubungo, mwaka 2021, wakaipa jina la Katibu Mkuu Kiongozi Kijazi, siku chache baada ya kifo chake. Hawakungoja. Nasi tuna watu, na majina ya wanawake kwenye vibao vyetu ni machache mno kwa nchi ambayo wanawake wameibeba hivi.

Jina la Namungoona lisifutwe, Mheshimiwa, ni la wenyeji na ni la zamani kuliko lami. Kibao kisome "Makutano ya Rhoda Kalema, Namungoona", kwa herufi ambazo dereva anaziona usiku. Kiandikwe kwa Kiganda, Kiingereza na Kiswahili, kwani Baraza la Mawaziri lilipitisha Julai 2022 Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Chini, upande wa watembea kwa miguu, pawe na maelezo mafupi ya alikuwa nani. Kabla ya yote hayo familia yake iombwe ridhaa, na wazee wa Namungoona na watu wa Kiboga waitwe kikaoni wasikilizwe.

Mama alifariki Agosti 2025. Mei 2029 itatimia miaka 100 tangu azaliwe. Muda wa kuitisha kikao, kupitisha jina na kusimamisha kibao unatosha kabisa, ikiwa faili litafunguliwa mwaka huu. Naomba nijulishwe ni ofisi gani wizarani italishika, ili wenzangu na mimi tujue pa kupeleka sahihi tutakazokusanya.

Wako kwa heshima,
Mkazi wa Nansana