Weusi wa mitungi ya Wagiriki haukupakwa rangi

Mhariri,

Naomba nafasi nisahihishe kosa linalorudiwa kila inapochapishwa picha ya mitungi ya kale ya Athens: eti ilipakwa rangi nyeusi. Weusi ule ni udongo uleule wa mtungi, wenye chuma, uliogeuzwa na moto. Wala si masizi kama ya chungu cha jikoni, kwani masizi huungua yakatoka chombo kikirudishwa motoni.

Mfinyanzi aliukoroga udongo kwenye maji mengi, akauacha utuame. Chembe nzito zilizama. Akakinga maji ya juu yenye chembe laini mno, akayapunguza hadi yakawa uji. Kwa uji huo alichora.

Kuchoma kulikuwa kwa mara moja, moto ukigeuzwa mara tatu. Kwanza tanuri iliachiwa hewa hadi nyuzi joto 800 hivi za Sentigredi, vyote vikawa vyekundu kama kutu. Kisha matundu yalizibwa, zikatiwa kuni mbichi. Moto uliokosa hewa ulinyang'anya oksijeni iliyomo kwenye chuma, mtungi mzima ukawa mweusi, na joto lilipopita 900 uji ule ukashikana kama kioo. Mwishowe matundu yalifunguliwa joto likishuka. Hewa ilipenya mwili wa mtungi, ambao una vinyweleo, ukarudia wekundu. Kwenye ngozi ya kioo haikupita.

Hapo ndipo kazi ya wiki nyingi ilipoweza kuharibika. Joto la hatua ya pili lisipotosha, ngozi haifungi, na picha nzima hurudi nyekundu pamoja na mtungi. Hewa ikiingia mapema, joto likiwa bado kali mno, ni hivyohivyo.

Awali picha zilikuwa nyeusi juu ya mtungi mwekundu; tangu mwaka 530 KK hivi mtindo uligeuzwa. Kwenye krateri (chombo kikubwa cha kuchanganyia divai na maji) ya mchoraji Euphronios, ambayo jumba la makumbusho la Metropolitan la New York liliirudisha Italia mwaka 2008, miili ya watu ni udongo ulioachwa wazi na kuchorwa mistari. Kilichofunikwa kwa uji ni giza la nyuma yao.

Atakayebahatika kuviona vyombo hivi aangalie ndani ya vikombe. Vingine vina duara jekundu katikati ya weusi: ni pale chombo kingine kilipopangwa juu yake tanurini, moshi usifike.

Mwalimu wa ufinyanzi,
Bagamoyo